Sura ya Sita: Sanduku la Vyambo Mia na Ishirini

Saa tatu na robo asubuhi, Bi Taratibu alimimina kopo la mshonaji juu ya karatasi nyeupe, akavuta kiti, kisha akasahau kukaa.

"Ni vilevile, afande," alisema Koplo, aliyesimama dirishani na kikombe cha chai. "Arobaini na kimoja. Jana nimevihesabu mara mbili. Mara ya tatu nikaogopa kupumua."

Hakuwa anatia chumvi. Vilikuwa vyambo vya kuvulia samaki wa mtoni, wale wanaokula vidudu vinavyoelea juu ya maji baridi: ndoana zilizovishwa uzi na vipande vya manyoya mpaka samaki, ambaye si mjinga, aone mdudu asione chuma. Vyambo vya namna hiyo kwa kawaida huwa na ukubwa wa nzi wa jikoni. Hivi vilikuwa vidogo kupita akili. Kikubwa chao kilikuwa sawa na punje ya mchele. Kidogo chao ungekidhania uchafu wa kucha, ukakipuliza, na kazi ya siku nzima ya mtu ikapotelea chini ya kabati.

Jina la Bi Taratibu alipewa na ofisi nzima, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya upelelezi hakuna aliyewahi kumsikia akisema "haraka", hata siku ile jiko la kantini liliposhika moto. Sasa aliinama, akaweka lenzi jichoni, na mdudu akamtazama. Kiwiliwili chake kilikuwa na pete sita za uzi mwembamba kuliko unywele, zimepangana bila kukanyagana. Mkia ulikuwa nywele tatu zilizoachana. Mabawa mawili yalisimama wima, kila moja likiwa uzi mmoja tu wa unyoya, na kichwani palikuwa na tone la vanishi lililong'aa kama jicho linaloona.

"Ee Mola," alisema. "Binadamu amefanya hiki kwa mikono?"

"Kwa mikono na jiriwa. Mzee Fundi hana mashine."

Bi Taratibu alikaa. Alikuwa ameona maiti, noti bandia, na mkataba wa ndoa wenye sahihi ya marehemu, na siku nyingi zilikuwa zimepita tangu kitu chochote juu ya meza hiyo kimfanye ajione mdogo. Aliona haya kidogo kwa furaha aliyoisikia, maana mtu alikuwa mahabusu kwa ajili ya vitu hivyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mzee Fundi, mfunga vyambo aliyejulikana na kila mvuvi wa mtoni, alikuwa na vyambo mia na ishirini, vidogo kuliko vyote alivyopata kufunga, katika mtoto wa meza wenye kufuli. Mwezi uliopita aliita ndugu akawaambia kwamba siku akiondoka, meza, jiriwa na vyambo vyote vitakuwa vya mkaza mwana wake, mjane wa mwanawe, anayemtunza. Jana asubuhi mpwa wake, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, alikwenda kumsalimu mjomba, akakuta mtoto wa meza mtupu, akapiga simu polisi. Kabla saa moja haijapita Koplo alikuwa ameshapata vyambo arobaini na kimoja ndani ya kopo la kushonea la mkaza mwana, chini ya vifungo. Ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwa mkaza mwana. Sabini na tisa vilivyobaki havikuonekana, hata Bi Taratibu mwenyewe alipokwenda kwa Mzee jioni yake.

Tangu jana mwanamke huyo alikuwa ametamka maneno saba tu: "Sina la kusema. Muulizeni Baba kama amekula." Saa nane mchana angefikishwa mahakamani, na kwa wingi wa kesi zilizokuwa zikisubiri, angekaa rumande miezi miwili kabla hakimu hajamwona tena. Mzee angebaki peke yake katika nyumba ile.

"Kesi imeiva, afande," alisema Koplo. "Imebaki kupakuliwa."

"Unapenda sana kula vya moto wewe."

Alichukua pini moja kutoka kwenye kopo lilelile ili akigeuze chambo aone tumbo lake. Kabla pini haijagusa, chambo kikaruka kikaing'ang'ania. Bi Taratibu akainua mkono. Cha pili kikafuata, kikaning'inia kwenye mkia wa cha kwanza.

Koplo akaweka kikombe chini. "Vimerogwa."

"Vina sumaku."

"Aa, basi ni hivyo. Washonaji wana sumaku ya kuokotea pini zikimwagika. Mke wangu anayo."

Lilikuwa jambo la maana, na Bi Taratibu hakulidharau. Alivitenga vyambo, akamimina pini zote za kopo kwenye kifuniko, akagusanisha pini na pini, sindano na pini, pini na kibanio cha nywele. Hakuna kilichoshika chochote.

"Chuma kikikaa kwenye sumaku huwa kinairithi," alisema. "Kama huyu mama angetumia sumaku katika kushona kwake, pini ndizo zingekuwa za kwanza kushikana. Hizi zimelala kama dagaa wa sokoni. Vyambo viliingia kwenye kopo vikiwa tayari na sumaku ya mahali pengine."

"Basi alivificha mahali pengine kwanza."

"Huenda. Twende tukamuulize, tusimsemee."

Mkaza mwana alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mgongo wima, mikono mapajani. Alikuwa na miaka thelathini na ushee. Bi Taratibu alitazama vidole vyake, kwa sababu vidole husema hata mwenyewe akinyamaza: vilikuwa na makovu madogo madogo kama ya kuchomwa na ncha. Lakini ni mshonaji, akajiambia, na mshonaji hujichoma.

"Mzee amekula," alianza. "Koplo alimpelekea uji na mayai asubuhi."

"Ahsante, mama."

"Nina swali moja. Nyumbani kwenu mna sumaku?"

Mwanamke akainua uso kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa Baba? Hata ile ya kushikia karatasi kwenye friji haiingii. Alishagombana na mpwa wake kwa ajili hiyo, mpaka wakakaa mwaka mzima hawatembeleani. Yule anauza masanduku ya sumaku, na Baba anasema sumaku inawatia ndoana wazimu." Halafu kitu kikampita usoni. "Kwa nini unauliza? Vimeguswa na sumaku?"

"Vimeguswa."

"Vyote?" Alikuwa amesimama. "Vile vidogo kabisa pia? Mabawa yamesimama au yamelala? Mama, nakuomba, visikae vimerundikana kwenye kopo. Vitavutana, manyoya yatakatika!"

Bi Taratibu alimtazama kwa muda. Mtu huyu alikuwa anakwenda rumande, na hofu ya kwanza aliyoonyesha ilikuwa ya mabawa. Wezi aliowajua yeye huogopa kwa mambo mengine.

"Unavijua sana," alisema.

Mwanamke akaketi. Mlango uliofunguka ukafungwa. "Nafuta vumbi tu," alijibu.

Saa nne na nusu Bi Taratibu alisaini daftari la vielelezo, akachukua kopo, na kwenye mkoba akatia hati ya upekuzi iliyokuwa bado na wino mbichi. Hakuwa mtu wa kwenda sokoni bila kikapu. Alimwacha Koplo nje ya duka la Mpwa, mtaa wa pili nyuma ya benki, akamwambia asome matangazo ya dirishani mpaka aitwe.

Mpwa alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, kucha safi kama za daktari. Duka lake lilikuwa hivyohivyo: fimbo za kuvulia zimesimama kwa urefu, nyuzi zimepangwa kwa unene, na hakuna vumbi hata juu ya kengele ya mlangoni.

"Karibu, Mama Inspekta. Shemeji amesema?"

"Bado. Nimekuja kwa shida yangu. Hivi vyambo ni vielelezo, na siwezi kuvipeleka mahakamani ndani ya kopo la vifungo. Nataka sanduku. Sijui hata nianzie wapi, na nimeambiwa katika mji huu hakuna anayejua masanduku kama wewe."

Mtu mwingine angechukua la karibu akalifunga. Mpwa alishusha miwani, akapangusa kaunta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi, akaweka masanduku manne mbele yake, na kwa kibano cha chuma akachukua vyambo vya duka kutoka kwenye sahani ili amwonyeshe.

"Hili la kwanza ni la vyumba," alisema, akifungua la plastiki lenye vijumba kumi na nane. "Kila mtu huanzia hapa. Kwa vyambo vikubwa halina neno. Kwa vidogo ni msiba. Ukifungua mtoni, upepo unapita mara moja, umebaki na vijumba. Na bila upepo, plastiki ikisuguliwa mfukoni inavuta manyoya. Unafungua kifuniko, vyambo vimepanda nacho juu. Chafya moja tu, mama, na mwezi mzima wa kazi umekwenda."

"Nina mafua ya mara kwa mara."

"Basi siwezi kukuuzia." Hakuwa anatania. Akavuta la pili. "Hili lina sponji. Unachomeka ndoana, inakaa. Tatizo, ndoana ndogo ina ncha fupi kuliko sponji inavyotaka. Unaisukuma, mwili mzima unazama, manyoya yanakunjamana. Ukiitoa, unaitoa na kipande cha sponji. Tena sponji inakunywa maji. Ukirudisha chambo kibichi humo, baada ya wiki una kutu yenye mabawa."

"Kutu yenye mabawa," alirudia Bi Taratibu, akitikisa kichwa. Alikuwa amekuja kumtega mtu huyu, na hata hivyo alikuwa anasikiliza kwa moyo wote. Alitambua sauti ya mtu anayependa kitu mpaka hawezi kukidanganya.

"La tatu mpira wenye mikato. Linafaa, ila kwa ukubwa wa kati. La nne," akaligusa kwa heshima, sanduku dogo la mbao lenye gamba laini jeupe ndani, "ni la Mjomba. Huyatengeneza mwenyewe kwa mkono. Ndani ni nyeupe ili mdudu mweusi aonekane. Kifuniko kina urefu wa kidole, mabawa yasiguse. Chini kuna punje za kukausha unyevu, hubadilishwa mwezi hadi mwezi, na nje ya siku hiyo mtoto wa meza haufunguliwi. Ukitaka kujua Mjomba ni mtu gani, tazama pembe za sanduku hili."

Bi Taratibu alizitazama. Mbao zilikuwa zimeshikana bila msumari, na hakuona mahali moja ilipoishia nyingine ikaanza.

"Mbona sioni la sumaku? Nasikia unayo."

Mpwa alitabasamu, na mara ile alionekana mdogo kwa miaka kumi. "Yako chini. Hapa watu wanayaogopa kwa sababu ya Mjomba. Aliapa kwamba sumaku haitavuka kizingiti chake maisha yake yote, na wavuvi wote wakamfuata. Lakini hapo alikosea, na nilimwambia. Kwa vyambo vidogo kabisa hakuna kama sumaku. Huchomi, hubani. Unakilaza tu, kinatulia kama mtoto aliyeshiba. Utaligeuza sanduku, utalitupa, hakitoki."

"Na ndoana kuwa na wazimu?"

"Zinashika sumaku kidogo, kweli. Unajifunza kuzishika."

"Basi nichagulie wewe. Kama vyambo vidogo kuliko vyote duniani vingekuwa mikononi mwako, ungeviweka wapi?"

"La sumaku," alisema Mpwa bila kupepesa. "Lenye kifuniko kirefu. Sisemi kwa biashara."

"Nakuamini. Nisaidie kuvihamisha, mikono yangu mizito."

Akafungua kopo. Mpwa aliinama juu yake, na Bi Taratibu hakutazama uso wake. Alitazama mkono. Kibano cha chuma, alichokuwa akikitumia dakika kumi nzima, kilikuwa kati ya vidole vyake. Mkono ulisogea mpaka karibu na kopo, ukasita, ukakiweka kibano cha chuma mbali upande wa kushoto, ukaenda kwenye mtungi wa vifaa na kuchagua kibano cha mwanzi. Kwa kibano hicho alichukua chambo cha kwanza, taratibu, bila kukitikisa hata unywele.

"Hapo hapo," alisema Bi Taratibu. "Kwa nini umebadilisha kibano?"

Mpwa hakuelewa. "Hivi vina sumaku, vitang'ang'ania chu..."

Kibano kikasimama hewani.  Wote wawili walilisikia neno hilo kwa wakati mmoja.

"Vya duka lako umevishika kwa chuma," alisema Bi Taratibu. "Vya Mjomba, umetoka kuniambia mwenyewe, havijaona sumaku maisha yao yote. Jana Koplo alipolifungua kopo ulikuwa mlangoni, hukugusa. Tangu jana viko kwangu. Mimi nimejua leo asubuhi, kwa bahati, kwa pini. Wewe mkono wako umejua lini?"

"Nilidhani tu..."

"Mtu akidhani huuliza. Mkono wako umezoea." Akaweka hati ya upekuzi juu ya kaunta, karibu na sanduku la Mjomba. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako haikufika hata mlangoni. Nani aliweka kufuli kwenye mtoto wa meza?"

"Mimi. Mwaka jana."

"Na ulijibakizia ufunguo mmoja."

Mpwa alivua miwani. Hakukimbia, hakupiga kelele, wala hakumsingizia shetani, jambo ambalo Bi Taratibu alilihesabu upande wake wa mema. Aliinama chini ya kaunta, akatoa sanduku bapa la chuma, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Nilivichukua siku kumi na mbili zilizopita," alisema. "Sikuiba ili niuze. Mjomba amezeeka, mama. Anampa mtu wa vifungo na zipu kitu ambacho hakuna mwingine katika dunia hii anaweza kukifanya. Vingeliwa na nondo. Nilitaka kuviokoa."

"Na shemeji yako?"

"Nilijua kama havionekani kabisa watakuja kwangu, maana mimi ndiye nivitakaye. Ikabidi vingine vipatikane mahali, nikavitia koponi mwake jana kabla sijapiga simu." Sauti ilipungua. "Nilikaa siku kumi nikivichambua. Vile vya kawaida ndivyo nilivyompa yeye. Vilivyo bora nilishindwa kuvitoa."

Bi Taratibu alimwita Koplo awe shahidi, kisha akafungua sanduku.

 Vilikuwa sabini na tisa, katika safu tisa juu ya sakafu nyeupe, vyote vimeelekea upande mmoja, kutoka ukubwa wa punje ya mchele, wa ufuta, mpaka safu ya mwisho iliyokuwa, kwa kweli tupu, ukubwa wa yai la chawa. Na kila kimoja kilikuwa mdudu kamili. Bi Taratibu aliinama na lenzi. Vile vya kopo vilikuwa vimemstaajabisha. Hivi vilimwondolea maneno. Mabawa yalikuwa membamba hivi kwamba pumzi yake, kutoka mbali, iliyafanya yatikisike, na kwa nukta moja alisadiki kwamba vitaruka viondoke vyote kupitia mlangoni. Macho yakamlowa. Hakujua kwa nini, na hakuyafuta.

"Koplo," alisema mwishowe, "kaandike. Na nenda ukamchukue Mzee. Mali lazima itambuliwe na mwenyewe kabla ya saa nane."

Saa saba na dakika ishirini Mzee Fundi aliingia ofisini akiongozwa na Koplo, kanzu safi, kofia imenyooka. Jana, nyumbani kwake, alikuwa amempokea Bi Taratibu akiwa ameketi, akamnyooshea kidole kiti, akamuonyesha meza na dirisha bila kukosea. Leo alipofika mlangoni aligonga bega kwenye fremu, akanyoosha mkono kutafuta kiti kilichokuwa mbele yake. Bi Taratibu alihisi uso ukimwaka moto. Mwenye macho haambiwi tazama, na yeye jana, na lenzi yake mfukoni, alikuwa ametazama kila kitu isipokuwa mwenye nyumba.

"Huoni, baba," alisema polepole.

"Mwanga naona. Watu naona kama nguo kwenye kamba." Mzee akaketi. "Ni siri ya nyumba. Ilikuwa."

Mpwa, aliyekuwa kwenye benchi na pingu, aliinuka nusu. "Mjomba? Tangu lini?"

"Nimesikia ulichofanya. Kaa, tutafika kwako." Mzee akageukia sauti ya Bi Taratibu. "Nipe hivyo vitu."

Utaratibu wa kutambua mali ulitaka kielelezo kimoja kimoja. Bi Taratibu alianza na vya kopo, akitumia kibano cha mwanzi. Mzee alikipokea cha kwanza kwenye ncha ya kidole, akakiinua, akakigusisha kwenye mdomo wa chini, hapo ngozi inapohisi kuliko popote. Akatulia kama mtu anayesoma barua.

"Changu," alisema. "Masika ya mafuriko, miaka kumi iliyopita. Uzi ulikuwa mbaya."

Vyote arobaini na kimoja vilikuwa vyake, na kwa vingi alitaja mwaka. Koplo aliandika mpaka kalamu ikamtoka jasho. Kisha Bi Taratibu akavuta sanduku la chuma, akampa cha kwanza cha safu ya kwanza.

Mzee alikigusisha mdomoni. Uso wake ukalainika.

"Hiki si changu," alisema.

"Mjomba, nilikitoa kwenye mtoto wako wa meza!"

"Nipe kingine. Hiki pia si changu. Kingine. Hapana. Mama Inspekta, una lenzi. Tazama uzi wa kichwani, kisha tazama wa vile vya kopo."

Bi Taratibu akatazama huku, akatazama kule, akarudia. Katika vya kopo uzi ulizunguka ukielekea upande mmoja. Katika hivi ulizunguka kinyume, kila kimoja, bila kukosea.

"Mimi nafunga kwa mkono wa kulia," alisema Mzee. "Mkaza mwana wangu anatumia kushoto. Miaka minne iliyopita macho yalinitupa mkono, nikawa nakaa kwenye meza nalia peke yangu kama mtoto. Akanikuta. Akasema, Baba, nielekeze kwa mdomo, nitakuwa vidole. Mwaka wa kwanza nilielekeza. Baada ya hapo sikuwa na la kumwelekeza. Watu walipokuja kusifu, nilinyamaza, na yeye akanyamaza, ili jina langu lisife kabla yangu. Hata jana amenyamaza. Angekwenda jela akanyamaza hivyohivyo."

Bi Taratibu alikumbuka makovu ya vidole, na jinsi alivyoyapita. Akaendelea na kazi, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Kati ya vyambo sabini na tisa Mzee alivikubali viwili tu kuwa vyake, na hivyo viwili alivikubali kwa shaka.

Mpwa alikuwa ametoa macho. "Niliona uzi umegeuka," alisema kwa sauti iliyokauka. "Niliona. Nikasema Mjomba amepata mkono mpya uzeeni. Siku kumi nimevipanga, vya kawaida huku, vya ajabu huku... Mjomba, hivi ndivyo vizuri kuliko vyote ulivyowahi kufunga."

"Najua," alisema Mzee. "Ndiyo maana nimekuja kusema si vyangu."

Bi Taratibu alipiga simu kwa mwendesha mashtaka, akamwambia jina moja litoke kwenye orodha ya saa nane na lingine liingie, kwa wizi na kwa kutengeneza ushahidi wa uongo. Kisha akachukua fomu ya kurudishiwa mali, akaiacha wazi nafasi ya jina, akaagiza mkaza mwana aletwe.

Aliingia akimtafuta Mzee kwa macho. Alipoona sanduku liko wazi, na lenzi juu ya meza, na Mpwa kwenye pingu, alielewa yote kwa mpigo na akashika ukingo wa mlango.

"Baba, umesema?"

"Nimesema, mama. Nilichelewa. Nisamehe."

"Hapa, kwenye mwenye mali, unaandika jina lako," alisema Bi Taratibu, akimsogezea kalamu. Kisha akasikia kwamba hilo halitoshi, na kwa kuwa hakuwa na maneno ya kazi kwa jambo kama lile, alisema la moyoni. "Nimekaa duniani miaka hamsini na mitatu. Sijaona kitu kama hiki. Sikujua kama kinawezekana."

Mwanamke aliandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Halafu, badala ya kwenda kwa Mzee, aliinama juu ya sanduku la chuma na kutazama safu tisa, moja baada ya nyingine, jinsi kila kimoja kilivyolazwa kwa ukubwa wake, mabawa hayajaguswa, kichwa kimeelekea mwangani. Alitazama muda mrefu. Alipogeuka alimgeukia Mpwa, na sauti yake haikuwa na hasira ambayo kila mtu chumbani aliisubiri.

"Shemeji," alisema, "miaka minne hii, ni wewe peke yako uliyeviona."

Mpwa aliinamisha kichwa mpaka kikagusa pingu. Koplo, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikwenda akafunga dirisha, upepo usije ukavichukua.